Kadi ya Marehemu Juu ya Dziad

Zakopane, Juni 28, 1903. Jumapili.

Tumefika. Mgongo wangu sijui uko wapi, nadhani umebaki kwenye behewa huko Chabówka. Kazia ameruka kutoka kwenye treni kabla haijasimama sawasawa, mbele za watu, kofia mkononi. Ana miaka ishirini na minne na bado nalazimika kumwambia ashuke kama mtu.

Daftari ni jipya, basi niandike mambo yalivyo. Mimi ni Eufemia, mjane wa Hakimu Teofil Bohusz wa Sambor. Kazia, yaani Kazimiera, ni binti wa Ludomir, mdogo wa marehemu mume wangu, na ananiita Mama Mkubwa. Ludomir hakutaka mtoto aje huku tena. Anasema kupanda milima ni upuuzi kwa vijana wa kiume, na kwa msichana ni upuuzi mara mbili. Kazia akalia Pasaka nzima, mpaka wakafikia mapatano: kiangazi kimoja zaidi, nami nikae naye nimchunge. Kitabu cha mwaka cha Chama cha Milima kikichapa makala yake kwa jina lake mwenyewe, Ludomir atakubali kwamba hii ni kazi kama kazi nyingine, na kila Juni atampa ruhusa. Kisipochapa, basi. Atabaki Lwów kufundisha watoto wa watu piano, na Kazia na piano hawajawahi kupatana.

Tumepanga vyumba viwili kwa Wawrzek Zubek, mwongozaji wa wapanda milima, mtu wa huku huku. Ana kiko kifupi mdomoni na beji ya shaba kifuani, na nadhani analala navyo vyote viwili. Amenipokea kwa kusema nimekonda. Mwongo wa kwanza niliyekutana naye mwaka huu, na amenifurahisha, ndiyo maana simwamini.

Juni 29.

Mvua.

Juni 30.

Mvua. Bronka, mke wa Zubek, anajua kupika viazi kwa namna nne. Leo tumefika namna ya tatu.

Julai 2.

Nimegundua suruali. Iko chini ya begi, imekunjwa ndani ya shali. Kumbe Kazia huivaa chini ya sketi, na wakifika kwenye mwamba anaivua sketi, anaiwekea jiwe juu, na kupanda hivyo hivyo. Nimemwita Zubek nikamuuliza wakati huo yeye anatazama wapi.

"Natazama miguu inapokanyaga, Bi Mkubwa," akasema. "Ikikanyaga vibaya, ninayekufa ni mimi."

Nimeshona upya pindo la suruali lililokuwa limefumuka. Kama ni lazima atuaibishe, basi angalau mshono uwe wa heshima.

Julai 6.

Jua. Wamekwenda kunyoosha miguu mabondeni, wamerudi pua zimebabuka. Kwa chakula cha mchana, viazi namna ya kwanza.

Julai 9.

Kazi yangu nyingine hapa ni kunakili. Kazia anaandika vizuri lakini mwandiko wake ni kuku aliyekanyaga wino. Teofil alikuwa akisema mwandiko wangu ungemfanya mfungwa aisome hukumu yake mara mbili kwa raha. Kwa hiyo yeye anaandika, mimi nasafisha.

Kusafisha nasafisha kwelikweli. Leo nimepitia makala ya mwaka jana, ile ambayo Wakili Seweryn Dobiecki, katibu wa Chama na mwandaaji wa kitabu cha mwaka, aliirudisha. Alisema ina njia chache na tumbo jingi. Sikuwahi kumwona bwana huyo, lakini hapo nilikubaliana naye. Binti wa watu anaandika: "Viganja vililoa jasho, nikavipangusa kwenye nywele." Kurasa mbili mbele: "Hapa niliogopa sana. Nikasimama tuli mpaka hofu ikanizoea, halafu nikaendelea." Na kati ya hayo mawili, aya nzima kuhusu mkate wa viazi aliokula akining'inia. Nani anayetaka kujua hayo? Nimeyaondoa yote. Kazia ameguna, lakini hakubisha.

Julai 12.

Sasa najua wanachokitaka. Kuna mlima wanaouita Dziad, maana yake kizee, na umeinama hivyo hivyo kama kizee anayetafuta kitu alichoangusha. Kwa upande wa kaskazini watu wamekuwa wakiupanda kwa miaka ishirini. Kwa upande wa kusini ni ukuta mtupu, na hakuna aliyewahi kuupanda. Kazia na Zubek wanataka ukuta. Makala ya ukuta huo, anasema Kazia, Wakili hawezi kuikataa.

Juu kabisa kuna rundo la mawe, na ndani ya mawe kuna chupa. Kila anayefika huacha humo kadi yake ya jina, na nyuma ya kadi huandika tarehe, njia aliyopita, na mwongozaji wake. Kadi ya mtu haiondolewi, ni mwiko, hata Zubek aliinua kidole aliponieleza. Chupa ndiyo shahidi. Kilichomo chupani ndicho kinachoingia kitabuni.

Nikauliza, kwa hiyo kadi ya msichana asiyeolewa italala kwenye chupa, na mwanamume yeyote anayepita ataitoa, aishike, aisome? Kazia akasema ndivyo. Mimi nililelewa kwamba msichana haachi kadi yake kwa wanaume ambao hajatambulishwa kwao. Sioni kwa nini adabu iishie pale miti inapoishia.

Julai 16.

Wameondoka baada ya chakula cha mchana. Watalala kwenye kibanda cha bondeni na kuanza alfajiri.

Nimefunga mzigo wa Kazia mwenyewe: soksi, nyama iliyokaushwa, mikate sita ya viazi, penseli. Kwenye kikasha chake cha kadi nimetoa kadi zake na kuweka za Teofil, zote zimelala kifudifudi. Marehemu alichapisha kadi mia mbili mwezi uleule aliokufa, na nimebaki nazo. Kazia ataandika nyuma, ataitia chupani, hatajua. Kadi ya hakimu haimdhuru mtu. Jina ni Bohusz, familia ni ileile, na heshima ya mtoto imelindwa. Ni jambo la adabu tu na nimelimaliza.

Julai 17. Ijumaa.

Tangu asubuhi wingu limekaa juu ya Dziad na halitaki kutoka. Nilimuuliza Bronka amevumiliaje miaka yote hii kumsubiri mume wa namna ile. Akasema hajawahi kuvumilia, yeye husugua sakafu. Basi tumesugua sakafu. Tulipomaliza vyumba tukaingia jikoni, tulipomaliza jikoni tukaenda ukumbini, na kama wangechelewa zaidi tungesugua barabara mpaka kanisani.

Saa kumi na mbili hivi, jua bado liko kwenye uzio, nikamsikia akiimba. Sauti mbaya, hana sikio kabisa, na sijawahi kusikia wimbo mzuri kama ule. Uso umechubuka, kucha tatu hazipo. Amekula mikate tisa akiwa amesimama. Ukuta wamepanda wote. Juu walikuta ukungu na mvua ya barafu, vidole vimekufa ganzi, akaandika penseli ikiwa ndani ya ngumi, akaisukumia kadi chupani bila hata kuitazama. Zubek naye hajui kusoma.

Nilimuuliza Zubek binti alifanyaje. Akavuta kiko, akasema, "Huyu anapanda kama mtu anayerudi kwao."

Nilikwenda chumbani nikajifanya natafuta leso.

Julai 18.

Miguu yake imevimba. Anaimba.

Julai 21.

Makala imekamilika, kurasa kumi na moja kwa mwandiko wangu. Jasho nimeondoa, hofu nimeondoa, mikate nimeondoa. Kazia alitaka kuacha sentensi moja ya hofu. Nilimwambia achague, sentensi au kitabu. Imekwenda kwa Wakili leo.

Julai 25.

Mvua siku ya nne. Viazi namna ya pili. Zubek ananifundisha kucheza karata na anaiba waziwazi. Nikimshika anasema, "Nilikuwa nakupima macho, Bi Mkubwa." Nimeanza kumpenda mzee huyu, nashindwa kujizuia.

Agosti 2. Jumapili.

Sijui nianzie wapi.

Baada ya misa tulikwenda kwenye baraza la Chama, kama watu wote. Wakili Dobiecki alikuwepo: mrefu, miwani ya kubana pua, shingo kama anatafuta mtu nyuma ya kila mtu. Jana yake alipanda Dziad kwa njia ya kaskazini. Akasimama na kikombe cha kahawa, akagonga kijiko, akasema ana habari ya kuingia kwenye historia: ukuta wa kusini umepandwa. Watu wakapiga makofi. Kazia pembeni yangu alikuwa na keki mkononi.

"Umepandwa tarehe kumi na saba Julai," akasema Wakili, "na Hakimu Teofil Bohusz, akiongozwa na Zubek wetu. Kadi yake nimeisoma kwa macho yangu."

Halafu akanigeukia, akainama, akanilaumu kwa upole mbona nilimficha simba kama yule nyumbani. Anatoka Krakow, angejuaje. Watu wakanizunguka. Mama mmoja alinibusu. Nao wote wakisema hongera, hongera, na mimi, Mungu anisamehe, nilisema asante.

Nilisema asante mara nne. Kazia aliweka keki chini na kuondoka.

Agosti 3.

Makala imerudishwa. Wakili ameandika kwa adabu kwamba simulizi ni safi na njia imeelezwa vizuri, lakini ni dhahiri binti anasimulia alichosikia kwa baba yake mkubwa. Chama kingefurahi kuipokea kutoka kwa Hakimu mwenyewe.

Zubek aliitwa ofisini. Aliwaambia ni binti aliyepanda, hapakuwa na hakimu yeyote. Wakacheka. Kisha hawakucheka tena, wakamwambia mwongozaji anayesema uongo kwa ajili ya mteja hunyang'anywa beji. Aliporudi aliivua mwenyewe, akaiweka mezani kati ya viazi, akakaa anaitazama. Miaka ishirini na miwili imekaa kwenye kifua kile.

Kazia anaamini Wakili amebadilisha kadi. Anasema ataandika kwenye magazeti, atamwita mwizi hadharani. Alinitazama nimuunge mkono. Niliangalia dirishani.

Agosti 4.

Mvua. Sijasema.

Agosti 5.

Mvua. Bado. Nimesugua sakafu peke yangu.

Agosti 6.

Nimesema. Tulikuwa jikoni wote wanne, tunamenya viazi. Niliwaambia kikasha, kadi, kifudifudi, adabu. Nilisema kila kitu kwa sauti niliyotumia zamani kuwaambia wageni kwamba chakula kimeungua.

Zubek alijipiga goti na kuanza kucheka, halafu akamwona Kazia na kuacha. Kazia hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Umenifuta, Mama Mkubwa," akasema. "Kwanza maneno yangu, halafu mimi mwenyewe."

Akaweka kisu chini, akatoka mvuani bila shali.

Agosti 7.

Hajasema nami. Nikipita anasogea ili nipite, kwa heshima zote. Hiyo heshima inaniua.

Agosti 8.

Nimevaa gauni jeusi la mazishi, nimekwenda kwenye baraza la Chama saa ya kahawa, watu wamejaa. Nilimwomba Wakili agonge kijiko kwa ajili yangu. Akagonga, maskini, akidhani nimeleta salamu za Hakimu.

Nilisema mume wangu amekufa mwaka wa tisa huu, na hata alipokuwa hai alishindwa ngazi za mahakamani. Nilisema kadi niliitia kikashani mimi, kwa ujinga wangu, na aliyepanda ni Kazimiera. Nusu ya baraza walicheka, nusu walikohoa. Yule mama aliyenibusu alijipangusa mdomo.

Wakili alikuwa mwekundu mpaka masikioni, lakini sikusikia dharau kwake. Alinikalisha kiti. Akanieleza polepole kwamba nimeharibu zaidi ya nilivyodhani: kama Hakimu ni marehemu, kadi ni batili, kadi ikiwa batili, chupani hamna shahidi, na kama hamna shahidi, ukuta wa kusini haujapandwa na mtu yeyote. Chama hakiandiki anachosema mtu, hata akiwa mama mtu mzima mwenye gauni jeusi.

"Basi nitaupanda tena," ikasema sauti nyuma yangu. Kazia alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

Wakili akajitolea kufungwa naye kamba moja awe shahidi. Kazia akakataa. Akasema wakifungwa kamba moja, kitabu kitaandika Wakili ndiye aliyemvuta. Wakili akae kwenye upenyo kati ya vilele, ulio mkabala na ukuta, na darubini yake, atazame. Wakakubaliana hivyo, siku yoyote hewa itakapotulia. Tiketi zetu za treni ni za tarehe ishirini na nne.

Wakati wa kurudi Kazia alitembea upande mmoja nami. Penye tope alinishika kiwiko.

Agosti 10.

Mvua. Kwa kuwa hakuna wa kunisikia, niandike kweli.

Si adabu. Adabu nilijiambia, na hata humu daftarini nilijiambia.

Teofil alipenda milima kama wengine wanavyopenda tumbaku. Kila jioni baada ya chakula alisoma kwa sauti safari za wapandaji, ramani magotini, kidole kinapanda kwenye karatasi. Kazia mdogo alikaa mapajani mwake, na huko ndiko alikoyapata haya yote. Kila masika alisema, "Mwaka huu, Femka, tutakwenda." Alikuwa na moyo dhaifu na nyayo bapa, na kesi hazikuisha. Hizo kadi mia mbili alichapisha kwa ajili ya safari hiyo. Alisema asije akafika juu ya mlima hana cha kuacha.

Kwenye baraza waliposema Hakimu Bohusz amepanda ukuta wa kusini na watu wakapiga makofi, nilisema asante kwa sababu nilifurahi. Kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa mume wangu alikuwa amekwenda. Nilijua ninamwibia mtoto, na bado nilisema asante mara nne.

Agosti 12.

Mvua.

Agosti 15.

Siku ya Mama wa Mungu wa Majani. Nimekwenda kanisani na Bronka na mafungu ya mitishamba kubarikiwa. Bronka ameliweka lake kwenye begi la kamba la mumewe. Langu nimeliweka kwenye kiatu cha Kazia. Amelikuta, akanusa, akalirudisha kiatuni.

Agosti 18.

Theluji juu ya Dziad, mpaka mabegani. Zubek anaitazama kama anamtazama mdeni.

Agosti 19.

Jua. Theluji inayeyuka upande wa kusini. Zubek anasema keshokutwa, au mwakani. Nimemwambia mwakani haupo.

Agosti 21. Ijumaa.

Nimerudi na nimekaa, na miguu yangu iko kwenye beseni. Niandike kabla sijalala.

Jana farasi wa Bronka alinifikisha mpaka kibandani. Leo alfajiri nimekwenda kwa miguu mpaka kwenye upenyo, saa mbili na nusu za mawe matupu, Wakili akinivuta mkono penye pabaya na kuangalia pembeni kila nilipopumua kwa sauti. Magoti yangu yalisema mambo ambayo mke wa hakimu hatakiwi kuyajua. Nimefika. Ukuta uko mbele yako pale, kiasi kwamba unataka kurudi nyuma na nyuma hakuna nafasi. Nilikuwa nimeusoma na kuunakili kurasa kumi na moja, na sikuwa nimeelewa hata mstari mmoja.

Kazia alivua sketi, akaikunja, akanipa. "Nishikie, Mama Mkubwa." Nilitoa kikasha, nikamfungulia mbele ya macho yake na ya Wakili: kadi zake, jina juu. Akachukua moja akaitia kifuani. Halafu wakashuka na Zubek hadi mguuni mwa ukuta, wakafungana kamba, wakaanza.

Nilikaa na sketi mapajani. Wakili alikuwa na darubini, na kila baada ya muda alinipa. Mwanzoni nilikataa. Baadaye nikawa simrudishii.

Mara hii Kazia alitangulia. Zubek alitaka hivyo, ili watu wasije wakasema. Alipanda polepole na kwa mpango, hana papara hata kidogo, huyu anayeruka kutoka kwenye treni. Walipofika katikati, mahali ukuta unapotokeza nje kama paji la uso, akasimama. Akasimama tu. Zikapita dakika tano, zikapita kumi.

Wakili alianza kuhangaika. Akasema amekwama, akasema ni kosa lake kukubali mchezo huu, akasimama kana kwamba angeweza kwenda.

"Kaa chini, baba," nikamwambia. "Hajakwama. Anaogopa. Anaisubiri hofu imzoee."

"Umejuaje?"

"Aliandika. Sasa atapangusa viganja kwenye nywele."

Na nikamwona kwenye darubini akitoa mkono mmoja kwenye mwamba, akiupangusa kwenye nywele, kisha mwingine. Akainua mguu. Akapita.

Wakili akasema hilo halikuwemo kwenye makala. Nikamwambia lilikuwemo, tuliliondoa mimi na yeye, yeye kwa barua na mimi kwa kalamu, na kama si hivyo angejua leo anachokiona. Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Kisha akavua koti lake akanifunika magoti, juu ya sketi. Sikuwahi kudhani nitampenda mwanasheria wa pili maishani mwangu.

Saa tano kasorobo Kazia akasimama juu. Mdogo kuliko kidole. Akapiga kelele, na kelele ikaja kwetu imechelewa, na mimi nikajibu. Sijui nilisema nini. Wakili anasema nilisema neno ambalo hatalinukuu.

Walishuka kwa njia ya kaskazini na kuzunguka, wakatufikia baada ya saa tatu. Nilimvalisha sketi mwenyewe, kama alipokuwa na miaka minne. Wakili alimshika mkono, akamshika Zubek mkono, akasema atashuhudia kwa maandishi na beji ibaki ilipo. Zubek akaitoa mfukoni, akaibandika, akawasha kiko. Kisha Wakili akaiomba ile kadi ya Hakimu, iende kwenye kumbukumbu za Chama.

"Iko chupani," akasema Kazia. "Kadi ya mtu haiondolewi."

"Lakini atakayefika baadaye atadanganyika tena."

"Hatadanganyika. Nimeandika chini ya jina."

Hakusema ameandika nini. Nilisubiri mpaka tulipokuwa tunashuka, wanaume mbele, yeye ameshika kiwiko changu. Nilimuuliza. Akasema kwanza nimjibu mimi: mtu anayejali adabu tu angebeba kadi za Ludomir, ambaye ni baba na yu hai. Kwa nini nilizisafirisha za Baba Mkubwa kutoka Sambor mpaka huku?

Nilikuwa natazama mahali pa kukanyaga.

"Nilikaa mapajani mwake miaka sita, Mama Mkubwa. Unadhani mimi sikumbuki?" Tukapita jiwe baya, akanishika kwa mikono miwili. "Nimeandika: Hakupanda. Aliletwa na mke wake, aliyetaka afike."

Nililia mpaka kibandani. Farasi alinitazama.

Agosti 22.

Siwezi kuinama. Bronka amenisugulia magoti kwa mafuta ya mbuni wa mlimani, au ndivyo alivyosema Zubek, ambaye anazidi kunipima macho. Viazi namna ya nne.

Agosti 23. Jumapili.

Kesho treni. Leo nimekaa mezani tangu baada ya misa, nanakili makala upya. Nimerudisha jasho. Nimerudisha hofu, yote, hata ile ya mwaka jana nilimwambia aihamishie humu kwa sababu imesemwa vizuri. Mikate ya viazi imepata aya yake. Zimekuwa kurasa kumi na saba.

Wakili alikuja kuichukua mwenyewe. Aliisoma amesimama, halafu akakaa, akarudia ukurasa wa tisa. Kazia alikuwa anajing'ata kucha zile chache zilizobaki. Wakili akasema itachapwa ilivyo, asiguse mtu hata nukta, na kama Ludomir ana shaka amwandikie yeye. Kisha akauliza kama mikate yenyewe bado ipo.

Kabla hajafika nilikuwa nimemaliza na jina. Nililiandika lote, Kazimiera Bohusz, bila kufupisha, kwa mwandiko niliokuwa nautumia kwenye mialiko ya harusi. Nikapuliza wino ukauke. Kazia akaja nyuma yangu, akaegemea bega, akasema nimesahau kitu. Akaninyang'anya kalamu, na chini ya jina lake, kwenye ukurasa safi niliouhangaikia asubuhi nzima, akaandika kwa ule mwandiko wake wa kuku: Imenakiliwa na Eufemia Bohusz, aliyekuwepo.

Mstari wake ulikuwa umekwenda upande, na una doa. Sikuufuta.